Wengi wape, lakini wape nini?

"Shikamoo mwalimu. Nina jambo linaninyima usingizi. Mimi ni mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, tuko 42. Kuna mwenzetu aliuliza kwenye vikao viwili kwa nini daftari la mweka hazina halilingani na pesa zilizopo kwenye sanduku. Kikao cha tatu hakuwepo, alisafiri na alitoa taarifa. Mwenyekiti akasema huyu mtu analeta mgawanyiko, ikapigwa kura ya kunyoosha mikono, tuliokuwepo 38, watu 31 tukakubali afukuzwe na akiba yake ibaki kikundini kama faini. Mimi nilinyoosha. Nilivyofika nyumbani nikaanza kujisikia vibaya, nikamwambia katibu tulichofanya sio sawa, akanijibu wengi wape, demokrasia ndo hiyo, kila mtu akija na maadili yake baada ya kura hakuna kitakachoamuliwa, au unataka wachache wanaojiona watakatifu watuamulie? Mwenzetu mwingine yeye akasema kura ni upuuzi tu maana hata Hitler alichaguliwa na wengi. Nimebaki katikati. Kama demokrasia ni matakwa ya wengi, maadili yana nafasi gani? Na kama maadili yako juu ya kura, nani anaamua ni maadili yapi?"

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara tatu na kilichonigusa ni ile sentensi fupi ya katikati, "mimi nilinyoosha". Ungeweza kuiruka na nisingejua. Kwa hiyo nitakujibu kama mtu ambaye tayari ana kitu cha kufanya, ingawa na hoja za kuongea na katibu utazipata humu humu.

Kwanza tutenganishe vitu viwili maana kwenye mazungumzo yenu vimechanganyika. Kuna swali la nani ana haki ya kuamua, na kuna swali la kilichoamuliwa ni sahihi au sio sahihi. Katibu kajibu la kwanza, na kalijibu vizuri tu, kikundi ni cha wanachama kwa hiyo wanachama ndo wanaamua, halafu akachukua jibu lile lile akalibandika kwenye swali la pili kana kwamba ni swali moja. Yule mwenzenu wa Hitler kafanya kinyume chake, kaona wengi wanaweza kukosea, na ni kweli wanaweza, akarukia kusema basi kuamua kwao hakuna maana. Wote wawili wameteleza pale pale. Mzazi ana haki ya kumchagulia mtoto wake shule na anaweza kuchagua shule mbaya, kukosea hakumwondolei uzazi, na uzazi hauifanyi ile shule iwe nzuri.

Sasa hii "wengi wape". Tumeizoea mpaka hatuisikilizi tena. Isikilize: inasema wape. Haisemi wengi hawakosei, haisemi wengi wanajua. Ni methali ya mtu anayejua maisha, anayejua kwamba wengi ukiwanyima watachukua, kwa hiyo bora uwape mapema kuliko kuumizana. Na hiyo ni faida kubwa ya kura, siidharau hata kidogo, kuna jamii ambazo zingelipa chochote ili migogoro yao iishie kwenye kuhesabu mikono. Lakini faida hiyo ni ya amani. Kwenye swali la haki methali yenyewe imekaa kimya, sisi ndo tunaisemesha.

Hata ule msemo wa "sauti ya wengi ni sauti ya Mungu" ambao watu wanautumia kufunga mjadala, moja ya maandishi ya zamani tunayojua yenye msemo huo ni barua ya mwanachuoni Alcuin kwa mfalme Charlemagne, mwaka 798 hivi, na alichokuwa anamwambia ni kwamba wanaosema hivyo wasisikilizwe kwa sababu fujo za umati siku zote ziko karibu na wazimu. Simfuati Alcuin mpaka mwisho, alikuwa mtu wa ikulu anamwandikia mfalme, unategemea angesema nini kuhusu umati. Ila ujue tu kwamba karne zaidi ya 12 zilizopita watu walishaona tatizo hili hili linalokunyima usingizi.

Je, ipo sababu yoyote ya kuamini wengi wako sahihi? Ipo, na ni ya hesabu kabisa. Mwaka 1785 Mfaransa mmoja, Condorcet, mtu wa hesabu na wa siasa pia, alionyesha hivi: chukua watu 101, kila mmoja ana uwezekano wa asilimia 60 tu wa kupatia jibu, yaani watu wa kawaida, wanapatia zaidi kidogo tu ya anayebahatisha. Wakipiga kura, uwezekano kwamba upande wa wengi utapatia unapanda mpaka kama asilimia 98. Inashangaza lakini ndivyo ilivyo, makosa ya huyu yanafutwa na ya yule. Mimi nikiwafundisha vijana hili huwa naona nyuso zinavyong'aa, maana ni sababu ya heshima ya kuamini watu wa kawaida. Ila hesabu ina masharti. Geuza ile 60 iwe 40, kwa sababu watu wamedanganywa au hawajaonyeshwa daftari, na ule uwezekano wa wengi kupatia unaporomoka mpaka kama asilimia 2, na hapo kadri mnavyoongezeka ndo mnavyozidi kukosea kwa uhakika. Halafu kila mtu lazima awe amefikiri mwenyewe. Rudi sasa kwenye kikao chenu. Mwenyekiti kaongea wa kwanza, mlalamikiwa hayupo, daftari halijafunguliwa, mikono inanyooshwa hadharani mbele ya mwenyekiti huyo huyo ambaye mwezi ujao utamwomba mkopo. Pale hapakuwa na vichwa 31. Palikuwa na kichwa kimoja na mikono 31.

Kuhusu Hitler nipite haraka, ila kosa hili nalisikia kila mahali kwa hiyo tulirekebishe. Wengi hawakumchagua. Novemba 1932 huko Ujerumani, uchaguzi ambao bado ulikuwa huru, chama chake kilipata kama asilimia 33, kikawa kikubwa kuliko vingine lakini mbali sana na nusu. Januari 1933 aliteuliwa na rais kuwa chansela, yaani mkuu wa serikali. Machi mwaka huo huo, wapinzani wakiwa wanapigwa na kukamatwa, bado alipata asilimia 43.9. Ile sheria ya tarehe 23 Machi iliyoipa serikali yake mamlaka ya kutunga sheria bila bunge ilipita kwa kura 444 kwa 94, lakini wabunge wa chama cha kikomunisti walishakamatwa au kukimbia, na ndani ya ukumbi walisimama wanamgambo wenye sare. Mwambie mwenzenu mfano wake ni mzuri ila unafundisha kitu kingine, unaonyesha kura iliyopigwa baada ya baadhi ya watu kuondolewa kwanza ukumbini. Na ukiniuliza mimi, hicho kinafanana na kikao chenu kuliko anavyodhani, kwa kipimo kidogo sana lakini kinafanana.

Tuje kwenye kiini. Kama wengi sio lazima wawe sahihi, kwa nini basi walioshindwa wakubali? Mngeweza kuamua kwa njia nyingi. Angeamua mwenye hisa nyingi, angeamua mzee kuliko wote, mngerusha hata shilingi. Kwa nini mnahesabu mikono, na kwa nini mkono wa mwenye hisa 1 unahesabiwa sawasawa na wa mwenye hisa 50? Kwa sababu kabla ya kura yoyote mlishakubali kwamba kila aliyemo humu ni mtu kamili, hakuna ambaye neno lake ni nusu ya neno la mwenzake. Hilo ni jambo la maadili, na halikutoka kwenye kura, haliwezi kutoka kwenye kura, maana ili mpige kura ya kwanza kabisa lazima iwe inajulikana tayari nani anapiga na kila mmoja anahesabiwa ngapi. Kwa hiyo katibu akisema maadili yasiletwe kwenye kura, mwambie kwa upole yalitangulia kufika. Ndiyo yaliyompa yeye na wale wengine 30 mamlaka wanayojivunia.

Na ukishaona hivyo utaona kwa nini kura yenu inakuuma tofauti na kura nyingine ulizowahi kushindwa au kushinda. Mngeamua riba iwe ndogo au kubwa, vikao viwe kila wiki au kila mwezi, ungeshindwa ukanung'unika ukalala. Lakini kura inayomwambia mwanachama kwamba hutasikilizwa, huhesabiwi, na ulichoweka ni chetu, inakata tawi lile lile ililokalia. Inatumia heshima sawa kwa wote ili kumvua mmoja heshima hiyo.

Kuna mfano naupenda kwa sababu nao ni wa kunyoosha mikono. Uswisi ni moja ya nchi zinazosifiwa kwa wananchi kuamua wenyewe kwa kura. Mwaka 1959 wakaulizwa kama wanawake wapewe kura kwenye mambo ya taifa, wapigaji walikuwa wanaume peke yao, na wanaume wawili kati ya watatu wakakataa. Mwaka 1971 wakaulizwa tena, safari hii wawili kati ya watatu wakakubali. Lakini jimbo moja dogo, Appenzell Innerrhoden, liliendelea kuwanyima wanawake kura ya mambo ya jimbo. Huko walikuwa wanakutana uwanjani mara moja kwa mwaka, wanaume wamesimama, mikono inanyooshwa, inakadiriwa kwa macho. Mwezi wa 4 mwaka 1990 wakanyoosha tena wakakataa tena. Mwaka 1990! Novemba ya mwaka huo mahakama ya shirikisho ikasema imetosha, katiba inasema watu wote ni sawa, wanawake wa huko wanapiga kura, na mwaka 1991 wakasimama uwanjani na wanaume.

Jiulize, ile mahakama ilipindua matakwa ya watu? Watu gani? Nusu ya watu walikuwa nje ya ule mduara. Wanaume walikuwa wanaamua kwa kura kama wenye kuathirika waruhusiwe kupiga kura, na majibu yao yakaitwa sauti ya wananchi. Mwenzenu aliyekuwa safarini alikuwa nje ya mduara kama wale.

Mwanafalsafa Rousseau, kwenye kitabu chake cha 1762 cha mkataba wa kijamii, ana tofauti moja itakayokusaidia hapa. Kuna matakwa ya wote, ambayo ni jumla tu ya anachokitaka huyu na anachokitaka yule kwa faida yake, na kuna utashi wa pamoja, kile ambacho mngekitaka kama jumuiya mkijiuliza kwa dhati nini kinatufaa sisi sote. Kwake yeye mtu akipiga kura haulizwi "unapenda nini", anaulizwa "hili linatufaa sote?" Sasa kumbuka ule usiku uliulizwa lipi kati ya hayo. Mimi nadhani hukuulizwa hata moja, uliulizwa "uko upande wa nani?", na mtu akiulizwa hivyo mbele ya watu mkono unapanda wenyewe. Sikutetei, nakueleza tu kilichotokea mwilini mwako. Ila na Rousseau mwenyewe nakuomba umsome kwa tahadhari, maana aliendelea akasema aliyeshindwa kwenye kura alikuwa tu amekosea kuhusu utashi wa pamoja, na kwamba asiyetii atalazimishwa kuwa huru, na tangu hapo wametokea watawala wengi wanaodai wanajua wananchi wanataka nini moyoni kuliko wananchi wenyewe, kwa hiyo hawaulizi. Hapo siendi naye.

Na hapo ndo tunafika kwenye swali gumu la katibu wako, ambalo nataka ulichukulie kwa uzito kwa sababu ni swali zuri: wachache wanaojiona watakatifu watuamulie? Nani amewapa? Watu wengi wanaopenda kusema maadili yako juu ya kura hawalijibu hili. Kila aliyewahi kunyima watu sauti alikuwa na maadili mdomoni, wanawake walinyimwa kura kwa ajili ya heshima ya familia, makoloni yalinyimwa kwa ajili ya ustaarabu. Mwenye hekima asiyeweza kuulizwa, akikosea nani atamwambia?

Jibu moja ambalo nchi nyingi zimechagua ni katiba na mahakama. Mwezi wa 6 mwaka 1995 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, majaji 11 kwa kauli moja, ilifuta adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji. Rais wa mahakama hiyo, Arthur Chaskalson, alikubali kwamba huenda wananchi walio wengi wanaitaka adhabu hiyo, hakujifanya haoni, ila akasema kama maoni ya wengi yangekuwa ndo mwisho wa maneno basi mahakama ya katiba isingekuwa na kazi, na kazi yake hasa ni kuwalinda wale ambao hawawezi kujilinda vya kutosha kwa njia ya kura, wakiwemo waliotengwa na ambao hakuna anayewapenda. Mimi hoja hii naiona ina nguvu sana. Lakini nikuwekee na upande wa pili kwa haki. Mwaka 1857 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji 7 kwa 2, iliamua kwamba watu weusi wenye asili ya utumwa hawawezi kuwa raia wa nchi hiyo. Mahakama ile ile inayotakiwa kumlinda mnyonge. Na kuna mwanafalsafa wa sheria, Jeremy Waldron, ana hoja ambayo sijawahi kuimaliza kichwani: majaji wenyewe wakitofautiana kuhusu haki wanafanya nini? Wanapiga kura. Watano kwa wanne. Kwa hiyo utawala wa wengi hujauondoa, umebaki vile vile na wapigaji wachache zaidi. Anachosema ni kwamba watu wazima wenye nia njema wanatofautiana kweli kuhusu haki ni nini, na kuwaheshimu ni kuwaacha wabishane na waamue.

Mimi nimesimama wapi? Nimesimama sehemu ambayo sio pana sana. Sio kila ninachokiona kibaya kina haki ya kusimama juu ya kura. Maadili yangu mengi, ya dini yangu, ya namna watu waishi, ya nini kifundishwe na nini kikatwe kodi, yanatakiwa yaingie uwanjani kama ya mtu mwingine yeyote, yashawishi, na yakishindwa yakubali kushindwa na kujaribu tena. Ila kuna machache ambayo kura haina mamlaka nayo kwa sababu yenyewe ndo yanaifanya iwe kura: kila mmoja kuhesabiwa sawa, mtu kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa, kuuliza bila kuadhibiwa kwa kuuliza, na kesho kuwe na nafasi ya kusema jana tulikosea. Hili la mwisho ndo kipimo changu ninachokiamini kuliko vyote. Ukitaka kujua kama wengi wamevuka mpaka angalia kama aliyeshindwa bado ana mlango wa kurudi kwenye mazungumzo. Kuna mambo yako mpakani, kwa mfano swali la kama mtu mwenye njaa anaweza kweli kuwa sawa na mwenzake kwenye kura, hapo wenzangu wa fani hii wanagombana na mimi mwenyewe nabadilika badilika.

Kipimo hicho kinanisaidia hata kwenye kisa ambacho wengi wetu tunakijua. Mwaka 1991 Tanzania iliunda tume chini ya Jaji Francis Nyalali, ikazunguka kuwauliza watu, chama kimoja kiendelee au viwe vingi. Karibu watu 8 kati ya 10 waliotoa maoni walisema chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 vikaruhusiwa. Kwa hesabu ya katibu wako hapo wengi walidhulumiwa. Lakini angalia: kwenye vyama vingi, wale 8 bado wanaweza kukipigia chama chao na kikashinda, hakuna walichonyang'anywa. Kwenye chama kimoja wale 2 hawana pa kwenda, leo wala kesho. Njia moja inaacha mlango kwa wote, nyingine inaufunga kwa baadhi. Unaweza kubishana bado kama ilikuwa sawa kuwauliza watu halafu kufanya kinyume, mimi mwenyewe naona walistahili kuelezwa zaidi, ila ule usawa wa juu juu wa "wengi wamesema" unavunjika ukiangalia nani anabaki na nafasi.

Nikupe kisa kimoja cha mwisho halafu tuongee utafanya nini. Mwaka 427 KK, huko Ugiriki ya kale, mji wa Mytilene ulioasi dhidi ya mji wa Athens ulishindwa. Wananchi wa Athens, ambao walikuwa wanaamua mambo wenyewe kwenye mkutano (wanaume huru tu, tusisahau), wakiwa na hasira wakapiga kura wanaume wote wazima wa Mytilene wauawe, wanawake na watoto wauzwe utumwani. Meli ikatumwa siku hiyo hiyo kupeleka amri. Asubuhi watu wakaamka na kile kile ulichoamka nacho wewe. Thucydides, mwanahistoria wa vita hiyo, anasema waliona ni ukatili mkubwa kuua mji mzima badala ya wenye kosa. Mkutano ukaitishwa tena. Mwanasiasa mmoja, Cleon, akasimama akawaambia mkibadilisha maamuzi kila siku hamtaweza kutawala chochote, yaani ile ile ya katibu wako, hakuna kitakachoamuliwa. Diodotus akasimama upande wa pili, na cha ajabu hakulia wala hakuongea huruma, aliwaonyesha kwamba kuua wote hakuwafaidii wao wenyewe, na kwamba haraka na hasira ni adui wa ushauri mzuri. Mikono ikanyooshwa, ikakaribiana sana, Diodotus akashinda.

Ikabidi meli ya pili ikimbizane na ya kwanza, iliyokuwa imetangulia kama siku moja na usiku wake. Wajumbe wa Mytilene wakawapa wapiga makasia mvinyo na unga wa shayiri, wakawaahidi zawadi kubwa wakiwahi. Wakala huku wanapiga kasia, unga umekandwa kwa mvinyo na mafuta, wakalala kwa zamu, upepo haukuwapinga. Na meli ya kwanza, Thucydides anasema, haikuwa na haraka, maana kazi iliyobeba ilikuwa mbaya. Ile ya pili ilifika wakati kamanda ameshasoma amri na anajiandaa kuitekeleza. Mji ukapona. Wale walioonekana vinara wa uasi bado waliuawa, kwa hiyo sikuletei hadithi safi, lakini mji ukapona, na uliokolewa na watu wale wale, kwa kura ile ile ya mikono, kwa sababu walikubali kurudi na kuuliza upya.

Sasa wewe. Katibu anaogopa kwamba kura ikirudiwa demokrasia inakufa, na kuna ukweli kidogo, mkirudia kila kitu hamtaenda popote. Lakini kurudia uamuzi uliofanywa bila kumsikiliza mtu ni kuukamilisha tu, haukuwa umekamilika. Soma katiba ya kikundi chenu kwanza, kabla hujaongea na yeyote. Tafuta inasemaje kuhusu kumfukuza mwanachama, sababu zipi zinatosha, taarifa inatolewaje, akidi ni watu wangapi, na akiba ya anayeondoka inakuwaje. Vikundi vingi vina kipengele cha mtu kujitetea na watu hawakisomi mpaka siku mambo yameharibika. Halafu tafuta wanachama wengine wenye wasiwasi, nina hakika hauko peke yako kati ya wale 31, mtu huwa anadhani ni yeye tu. Angalia katiba inataka wangapi ili kuitisha kikao maalumu, andikeni barua, muombe mambo matatu tu: mwenzenu awepo na aongee, daftari lifunguliwe mbele ya wote kabla ya kura, na kura iwe ya siri. Ukiongea mfuate Diodotus, usiwaite wenzako waovu, waonyeshe kwamba kikundi kinachoweza kuchukua akiba ya anayeuliza kinaweza kuchukua ya yeyote, na kesho nani ataweka pesa humo. Na uwe tayari pia kwa hili, daftari likifunguliwa huenda ikaonekana mweka hazina hana kosa. Ndo maana tunafungua.

Kuna sehemu ambazo barua yangu haitoshi. Suala la akiba ya mtu kuchukuliwa kama faini ni la sheria, na sheria zinatofautiana mahali na mahali, kwa hiyo yeye na nyinyi mnaomuunga mkono mwoneni mwanasheria, au kituo cha msaada wa kisheria kama pesa ya wakili hakuna, au ofisi inayosajili na kusimamia vikundi huko mliko, mkiwa na katiba, muhtasari wa kile kikao na kumbukumbu zake za kuweka akiba. Mfanye haraka kabla pesa yake haijakopeshwa kwa wengine, maana ikishatawanyika kuirudisha ni kazi nyingine. Kama mnaona viongozi hawataki hata kusikia, mtafuteni msuluhishi ambaye pande zote zinamheshimu akae nanyi ana kwa ana, haya mambo kwenye grupu la simu yanachacha tu. Na kama kuna vitisho vimeanza usiingie peke yako, ripoti.

Ila kabla ya vyote hivyo mpigie simu mwenzenu. Sidhani kama kuna mtu ameshampigia kumweleza kikao kilikwendaje. Mweleze yote, na anza na lile ulilonieleza mimi, kwamba na wewe ulinyoosha.